Garba na Ngoma katika Bonde la Kilombero: Historia ya Duara na Haja ya Kulifungua



Nimeombwa niandike katika jarida hili la kumbukumbu juu ya historia ya michezo yetu ya Navratri. Habari za ujenzi wa hekalu, za wafadhili wake na za wazee waliotangulia zimeandikwa na wenye kuzijua zaidi. Kazi hiyo nimewaachia wao. Mimi ni mfanyabiashara wa Sanje, na masomo yangu yaliishia sekondari. Hata hivyo nimeishi zaidi ya miaka sitini chini ya milima ya Udzungwa, nikicheza garba tangu utoto na kusikiliza ngoma za majirani tangu utoto huo huo. Katika umri huu nimeona jambo moja waziwazi: garba na ngoma zimedumu kwa sababu walikuwapo watu waliokubali kumfundisha yeyote aliyekuja, na zinafifia kila mahali ambapo mafundisho hayo yamekoma. Hilo ndilo nitakaloeleza.

Asili ya garba

Jina la garba limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Katika siku tisa za Navratri, katika mwezi wa Ashvin, ambao huangukia Septemba au Oktoba, chungu cha udongo chenye matundu huwekwa katikati na taa huwashwa ndani yake. Chungu ni mwili, taa ni uhai, na wachezaji hukizunguka kwa heshima ya Mama wa ulimwengu. Kwa hiyo garba haina mbele wala nyuma. Hakuna jukwaa, hakuna mtazamaji aliyekaa kitini akihukumu. Aliye hodari na asiyejua hatua hata moja wote wako umbali uleule kutoka kwenye taa.

Vitabu vya kale vya elimu ya michezo vinaeleza jinsi ujuzi huu ulivyosafiri. Katika Abhinaya Darpana, kitabu kinachonasibishwa na Nandikeshvara, tunasoma kwamba Parvati alimfundisha Usha, binti wa mfalme Bana, mchezo wa lasya. Usha akawafundisha wanawake wa Dwarka. Nao wakawafundisha wanawake wa Saurashtra, na kutoka kwao ukaenea katika nchi nyingine. Msomaji atazame vizuri mlolongo huo. Mungu anamfundisha binti wa mfalme, binti wa mfalme anawafundisha wanawake wa mji, na wanawake wa mji wanawafundisha wanawake wa mashamba na malisho. Kila ngazi inashuka kwa watu wengi zaidi na wa kawaida zaidi. Hakuna aliyepokea mchezo huo akaufungia sandukuni.

Pamoja na garba tunao mchezo wa raas, unaohusishwa na Bwana Krishna, ambao huchezwa kwa fimbo mbili zinazoitwa dandiya. Huu una safu mbili zinazotazamana, na kila mchezaji hugonganisha fimbo na mwenzake, kisha husogea mbele kumkuta mwingine. Kwa muda wa wimbo mmoja mtu huweza kugonganisha fimbo na nusu ya kijiji. Sijui mchezo mwingine unaomlazimisha tajiri na mtumishi wake kutazamana usoni kwa namna hiyo.

Garba yavuka bahari

Wagujarati walifanya biashara na pwani hii ya Afrika kwa karne nyingi, wakija na majahazi kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa upepo wa kusi. Katika nyakati za Wajerumani na Waingereza wengi walihamia kabisa pamoja na wake na watoto, na hapo ndipo garba ilipotia mizizi, kwa maana katika siku zile walioshika mchezo huu hasa walikuwa wanawake. Mijini, kila jumuiya ilijenga ukumbi wake, tuliouita mahajanwadi: Walohana kwao, Wapatel kwao, na wengine vivyo hivyo. Kumbi hizo zilihifadhi mengi, na tunawashukuru waliozijenga. Ila ni kweli pia kwamba zilikuwa na milango, na mlango huruhusu na pia huzuia. Mtu wa jumuiya nyingine aliingia kwa mwaliko. Mwafrika, mara nyingi, aliingia kwa kazi ya kubeba viti.

Huku bara mambo hayakuweza kuwa hivyo. Mwenye duka katika kijiji cha bonde la Kilombero alikuwa na familia moja au mbili za Kihindi jirani naye, wakati mwingine hakuna kabisa. Navratri ilipofika, waliokuwa na uwezo walisafiri hadi Ifakara, Morogoro au Dar es Salaam. Waliobaki walicheza uani. Nasi tulicheza uani. Ba, yaani bibi yangu, aliweka chungu juu ya kiti kidogo, foi, yaani shangazi yangu, aliimba, na sisi tuliobaki tuliitikia. Lakini watu sita hawatoshi kuzungusha duara. Kila mmoja anamkanyaga mwenzake. Basi ba aliwaita wanawake wa jirani, Wandamba na Wapogoro waliokuwa wateja wa duka, pamoja na watoto wao. Aliwafundisha makofi mawili, kisha makofi matatu, kisha hatua ya kugeuka. Hakuwa na nia ya kuhubiri umoja wa mataifa. Alihitaji watu wa kutosha kulizungusha duara la Mama.

Wanawake wale hawakukawia kujifunza, na sababu yake iko wazi. Walilijua duara kabla yetu.

Ngoma za bonde

Bonde hili halikuwa kimya kabla ya kufika kwetu. Wapogoro wa Mahenge na Ulanga wana sangula yao. Wandamba, wenyeji wa mto, walikuwa na nyimbo na ngoma za uvuvi na mavuno. Usiku wa mbalamwezi watoto walicheza michezo ya duara, mmoja katikati na wengine wakimzunguka, kama ilivyokuwa karibu kila pembe ya nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha sukari cha Kilombero kilipoanza kazi, wafanyakazi walikuja kutoka Songea, Njombe, Iringa, Mbeya na kwingineko. Kila kundi lilileta ngoma yake kama lilivyoleta lugha yake. Wangoni walileta lizombe. Watu wa Nyasa walileta mganda, ambao wanahistoria wameeleza kwamba ulitokana na beni, ngoma ya pwani iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi na kuenea bara pamoja na askari na vibarua. Baadaye wafugaji wa Kisukuma walihamia bondeni na ng'ombe wao, nao wakaja na bugobogobo, ngoma ya wakulima inayochezwa kwa majembe.

Mwenye kusikiliza vizuri ataona jinsi ngoma hizi na garba zinavyofanana. Kote kuna kiongozi anayeanza wimbo na kundi linaloitikia. Waswahili humwita kiongozi huyo manju; katika garba ya zamani, kabla ya vipaza sauti, kazi ya manju ilifanywa na mwanamke mwenye sauti kali kuliko wenzake. Kote mguu hufuata ngoma, na mkono hufuata mguu. Kote mtoto hafundishwi kwa maneno: huwekwa nyuma ya shangazi yake na kuambiwa afuate. Hata majira yanakaribiana, kwa kuwa ngoma nyingi za bonde huchezwa kiangazi, baada ya mpunga kuingia ghalani, na Navratri huja mwishoni mwa kiangazi hicho, wakati miwa ingali ikivunwa.

Taifa lashika ngoma

Haifai kuandika historia ya michezo ya jamii katika nchi yetu bila kutaja nafasi ya ngoma katika kuzaliwa kwa taifa lenyewe. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU, alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha wanawake jijini Dar es Salaam. Mwaka 1955 alipotafuta wanachama wanawake, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na kwa njia hiyo maelfu waliandikishwa. Vikundi hivyo vilikuwa na wanawake wa makabila mengi, waliokwisha kuzoea kuchanga fedha, kuchagua viongozi na kuaminiana. Siasa ilikuta watu wako tayari, na waliowatayarisha walikuwa manju wa ngoma.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba waliosoma walizijua rumba na chachacha kuliko gombe sugu na ngoma nyingine za kwao. Ndipo kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, ambamo mtu wa kabila moja alijifunza ngoma ya kabila lingine. Jambo hilo leo tunaliona la kawaida, lakini wakati ule lilikuwa jipya: sindimba ya Wamakonde ilichezwa na watoto wa shule ambao hawakupata kuiona Newala wala Mtwara. Kikundi hicho kilipofikia mwisho, nafasi yake ilichukuliwa na chuo. Chuo cha Sanaa kilianza Bagamoyo mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko alifundisha marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeijulisha dunia ilimba na zeze.

Serikali haikuwa peke yake. Mwaka 1982 na 1983, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Waliwaomba wanakijiji watumie ngoma zao wenyewe kujadili matatizo yao. Miongoni mwao alikuwa Profesa Penina Muhando Mlama, mzaliwa wa Berega katika mkoa wetu wa Morogoro. Mwaka 1996 chuo hicho kilianzisha mpango wa Tuseme, ambao uliwawezesha wasichana wa sekondari kusema kwa sanaa yale waliyoona haya kuyasema kwa mdomo. Mipango yote hii ilitazama ngoma kama chombo cha mtu wa kawaida, mtoto na mtu mzima, bila kumtaka kwanza awe bingwa.

Duara linapopungua

Pamoja na juhudi hizo, duara limepungua pande zote mbili.

Kwa upande wetu sababu zinajulikana. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha, na familia nyingi za Kiasia ziliondoka nchini. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, na maduka mengi ya watu binafsi vijijini yakafungwa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilitupa njia nzuri ya kusafirisha mpunga na bidhaa. Treni ya kipisi iliwalisha wachuuzi wengi wa bonde hili. Ila reli hiyo hiyo iliwachukua watoto wetu kwenda kusoma Dar es Salaam, na kutoka huko wakaenda Leicester, London na Toronto. Leo familia zetu kati ya Kidatu na Ifakara zinahesabika kwa vidole. Tunabaki kama ba alivyobaki uani kwake: watu sita na chungu kimoja.

Kwa upande wa majirani zetu, ngoma imepatwa na jambo lisiloonekana upesi. Imepandishwa jukwaani. Kikundi cha kijiji hualikwa siku kiongozi anapokuja au mradi unapozinduliwa. Hucheza dakika kumi, hupewa soda na nauli, kisha hurudi nyumbani. Wachezaji ni watu wazima walewale wa miaka yote. Watoto hutazama, wakishika simu. Mimi mwenyewe nimewauliza vijana wa Sanje hatua za sangula, nao wamenijibu kwamba hizo anazijua bibi. Kitu anachokijua bibi peke yake kina umri wa bibi.

Nasi garba yetu tumeipandisha jukwaani vilevile. Mijini hukodishwa waimbaji na spika kubwa, tiketi huuzwa, na zawadi hupewa mchezaji bora na vazi bora. Vijana hufurahi, nami siwalaumu. Lakini anayeanza huona aibu kuingia, mzee hushindwa kasi, na jirani asiye na tiketi husimama nje ya ukuta akisikiliza.

Mwezi Desemba 2023, kamati ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika ilikutana Kasane, nchini Botswana, na kuiandika garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa wanadamu. Tulipongezana kwa simu kutoka kila bara. Nilifurahi zaidi kwamba uamuzi huo ulifanyika katika ardhi ya Afrika. Ila kuandikwa katika orodha hakumfundishi mtoto makofi matatu. Mtoto hufundishwa na mtu aliye mbele yake.

Hoja za wanaosita

Nimezungumza na wazee wengi kuhusu kulifungua duara letu kwa majirani, na wengine wanasita. Hoja zao ni za heshima, na zinastahili jibu la heshima.

Hoja ya kwanza ni utakatifu. Garba ni ibada, wanasema, na si tamasha. Ni kweli. Lakini utakatifu wa mahali hulindwa kwa taratibu: viatu huvuliwa, pombe na nyama haviingii, mavazi huwa ya staha. Taratibu hizo jirani yeyote anaweza kuzifuata akielezwa kwa upole, na nimewaona watu wetu wenyewe wakizisahau. Kabila la mtu halimwongezei usafi wala halimpunguzii.

Hoja ya pili inatoka kwa majirani. Mkristo au Mwislamu huuliza kama kucheza kuzunguka taa ni kuabudu, na kama watoto wake watageuzwa dini. Mtu mwenye hofu hiyo asichekwe. Mafunzo ya hatua na makofi yanaweza kufanyika mchana, katika ukumbi, bila chungu wala picha, na aarti ikabaki kwa wenye kuitaka, usiku, mahali pake. Katika Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda jijini Dar es Salaam, watu wa dini mbalimbali hujifunza kathak na tabla, na hakuna anayelazimishwa kubadili dini yake.

Hoja ya tatu ni gharama. Hapa ninayo haki ya kusema kidogo, kwani kuhesabu ndiyo kazi iliyonilea. Kinachokula fedha zetu ni spika, mapambo na waimbaji wa kukodi. Mafunzo yanahitaji ukumbi tulio nao tayari, mpiga dholak mmoja, fimbo zinazoweza kuchongwa na seremala wa kijijini, na ben mmoja au wawili wenye subira. Gharama ndogo kuliko hiyo katika urithi siifahamu.

Ninayoyapendekeza

Kwa hiyo, katika mwaka huu wa kumbukumbu, naiomba kamati ya hekalu ifikirie mambo manne.

Kwanza, wiki sita kabla ya Navratri, kila Jumapili alasiri, yawepo mafunzo ya bure ya garba na dandiya kwa watoto na watu wazima, wa dini na kabila lolote. Alasiri ni bora kuliko usiku, hasa kwa watu wa vijiji vya kandokando ya hifadhi, ambako tembo hushuka mashambani baada ya giza na mama haruhusu mtoto kutoka.

Pili, siku za Navratri yawepo maduara mawili, moja ndani ya jingine. La ndani liende polepole, kwa wanaoanza, kwa wazee, na kwa wenye ulemavu, pamoja na viti kwa watakaocheza kwa makofi tu wakiwa wamekaa. La nje liwe la vijana wenye kasi yao. Nani amesema anayepiga makofi akiwa kitini hachezi?

Tatu, tujifunze na sisi. Tuwaalike manju wa sangula, wa lizombe na wa bugobogobo waje kuwafundisha watoto wetu, na tuwalipe ujira wa mwalimu kama tunavyomlipa mwalimu wa hesabu. Haipendezi kumwalika jirani ajifunze ya kwetu ilhali ya kwake tunayatazama kutoka kitini.

Nne, tuzungumze na shule za msingi zilizo karibu nasi. Mwalimu mkuu mwenye kikundi cha ngoma shuleni atafurahi kupata ukumbi wa mazoezi wakati wa mvua, nasi tutafurahi kupata watoto.

Ndugu zangu, hekalu hupimwa kwa matofali siku linapozinduliwa, lakini baada ya miaka mingi hupimwa kwa watu wanaoingia. Wazee wetu walitujengea ukuta imara na paa lisilovuja. Waliobaki bondeni ni wachache, na kila mwaka tunazidi kupungua. Lakini watoto wa bonde hili ni wengi, na miguu yao inalijua duara. Tukiwafundisha, Mama atazungukwa hapa hata siku ambayo hakutakuwa na duka hata moja lenye jina letu. Tusipowafundisha, tutaacha jengo zuri lenye chungu kimya ndani yake.

Nawatakia nyote kumbukumbu njema. Mama awabariki waumini, awabariki majirani, na alibariki bonde lililotupokea.

Jai Mataji.